Saini ya Tano

Fomu ya kuombea barua ya utambulisho ilikuwa na nafasi 5 za saini: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, mhasibu, msajili, halafu, sijui kwa nini baada ya msajili, msimamizi wa mabweni. Barua yenyewe ilikuwa mistari mitatu. Fulani ni mwanafunzi wetu, yuko mwaka wa pili, anasoma kitu fulani. Basi. Kwa mistari hiyo mitatu mwanafunzi alipigwa danadana zaidi ya wiki, na mimi niliyekaa dirishani ndiye niliyekuwa namwambia njoo kesho. Wanafunzi walinipa jina la Bwana Kesho, wakidhani silijui.

Kwa hiyo siku tulipoitwa ukumbini kuambiwa kwamba chuo kinaleta potali, nilipiga makofi kuliko wote. Jina la potali halikudumu. Baada ya wiki moja kila mtu aliita "mfumo", na ndivyo nitakavyouita hapa. Tuliahidiwa kwamba kila kitu kitakaa mahali pamoja: usajili, ada, matokeo, barua, fomu ya kutodaiwa. Mwanafunzi ataingia, atabofya, atapata.

Toleo la kwanza lilifanya hivi. Mwanafunzi aliingia kwenye mfumo, akapakua fomu ile ile, akaichapa, akazunguka nayo ofisi zile zile 5 kutafuta saini, akaiskani, akaipandisha kwenye mfumo. Sisi upande wa pili tukaipokea, tukaichapa tena, tukaigonga muhuri na kuitia kwenye faili, kwa sababu mkaguzi akija hutaka kuona faili. Karatasi moja ikawa tatu. Foleni ya dirishani ilipungua kweli, lakini nilipotoka kwenda kunywa maji niliikuta imehamia mlangoni pa Tehama: watu waliosahau nywila.

Hiyo ya nywila ilikuwa aibu ya kujitakia. Mwanafunzi alikuwa na nywila ya barua pepe, ya maktaba, ya Moodle, jukwaa la masomo mtandaoni ambalo wahadhiri walikuwa wamelizoea miaka mingi kabla ofisi yetu haijaamka, na sasa ya mfumo. Na huu mpya ulimlazimisha kuibadilisha kila baada ya siku 90. Watu wakawa wanaandika nywila nyuma ya vitambulisho vyao. Kumbe NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishaandika kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017 kwamba haifai kumlazimisha mtu abadilishe nywila kwa kufuata kalenda tu. Aibadilishe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Kijana mmoja wa Tehama alichapa ukurasa huo akauweka mezani kwa mkuu wake, bila maneno mengi. Kanuni ya siku 90 ikafutwa, baadaye nywila zote 4 zikaunganishwa zikawa moja, na mlango ule ukapumua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi iliyookoa saa nyingi kuliko zote, na haikumo kabisa kwenye mkataba.

Barua, hata hivyo, zilikuwa bado zinachukua siku zile zile. Aliyenifungua macho ni mhadhiri wa hesabu aliyekuja dirishani kufuatilia karatasi zake za likizo. Badala ya kugomba alichukua bahasha, akaigeuza, akaniuliza tunapokea maombi mangapi kwa siku. Nikasema kama 40. Kila moja linakaa siku ngapi? Kama 9. Akazidisha: 360.

"Hayo ndiyo mafaili yaliyolala kwenye meza zenu sasa hivi, bwana. Nenda kahesabu."

Akanieleza kwamba hiyo ni kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Huwezi kuwazuia wanafunzi wasije. Kilicho mikononi mwako ni huo muda wa kukaa. Na katika siku hizo 9, akauliza, fomu inakuwa inafanyiwa nini? Sikuwa na jibu.

Nikachukua daftari dogo nikaifuata fomu moja kama mpelelezi. Mkuu wa idara aliisaini kwa sekunde chache bila hata kusoma jina. Kabla ya hapo ilikuwa imelala kwenye trei yake siku mbili kwa sababu alikuwa safarini. Kutoka kwake hadi kwa mkuu wa kitivo ni kupanda ngazi tu, lakini tarishi alipita mara moja kwa siku, asubuhi, na fomu ilisainiwa saa tano. Ikalala. Mhasibu alifungua rekodi za ada, akatafuta jina, akatia alama: dakika 6. Mwisho wa safari nilijumlisha muda wote ambao mkono wa binadamu uliigusa karatasi ile. Haukufika nusu saa. Siku 9, nusu saa. Zote zilizobaki ni trei.

Nilipofika kwa msimamizi wa mabweni nilimuuliza waziwazi: mzee, ukisaini hapa unakuwa umethibitisha nini? Akacheka. "Mimi nasaini kwa sababu pana nafasi ya kusaini."

Mzee wa masijala ndiye pekee aliyekumbuka. Zamani, kabla sijaajiriwa, wanafunzi kadhaa waliondoka na funguo za vyumba, na mkubwa wa wakati huo akaamuru kwamba barua yoyote isitoke mpaka watu wa mabweni waseme ndiyo. Vitasa vilishabadilishwa, mkubwa yule alishastaafu, funguo zina utaratibu wake mwingine kabisa. Saini ikabaki. Nasi tulikuwa tumeibeba tukaiingiza kwenye mfumo, na mkandarasi akaitengenezea kisanduku kizuri cha rangi ya kijani.

Kwenye kikao kilichofuata niliomba kila mwenye saini ajibu swali moja: ni ombi gani umewahi kulikataa hapa? Mkuu wa kitivo alifikiri sana, akasema hakumbuki hata moja. Mhasibu alikuwa nayo mengi. Basi ukaguzi wa mhasibu ukabaki, ila ukageuka kuwa kazi ya mfumo wenyewe, unasoma kama ada imelipwa au bado. Saini za idara, kitivo na mabweni zikafutwa. Msajili aling'ang'ania yake kidogo, akaiachia aliposikia kwamba jina lake litachapwa chini ya kila barua.

Siku hizi mwanafunzi akiomba, mfumo unaangalia mambo mawili, kwamba amesajiliwa muhula huu na kwamba hadaiwi, kisha unatoa barua ya PDF yenye namba ya uhakiki na ule mraba wa QR. Anayeipokea anaumulika kwa simu, unamfikisha kwenye ukurasa wetu unaoonyesha jina na hali ya mwanafunzi. Mwanzoni watu wa nje walizikataa barua hizo, walitaka muhuri wa wino. Tukawapigia simu, tukawaeleza kwamba muhuri unaweza kuchongwa popote, ukurasa wetu wanausoma kwetu moja kwa moja. Wengi walielewa. Wengine mpaka leo wanataka wino, nasi tunawagongea.

Nimekwenda mbio hapo, maana kati ya kikao kile na barua ya kwanza iliyotoka yenyewe palikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeipigia makofi. Ili mfumo ujue kwamba mtu hadaiwi, lazima udahili, uhasibu na mitihani wawe wanamzungumzia mtu mmoja. Hawakuwa. Udahili walikuwa na majina matatu kwa mpangilio wa cheti, uhasibu majina mawili kama benki ilivyoyatuma, mitihani waliandika kama mwanafunzi mwenyewe alivyojaza siku hiyo. Namba ya usajili ndiyo ingetuokoa, lakini mtu fulani huko nyuma alikuwa ameifungua orodha nzima kwenye Excel na kuihifadhi, na Excel ikiona 0041873 inadhani ni hesabu, inafuta sifuri za mbele. Ikabaki 41873. Mwenye namba hiyo akawa hayupo duniani. Tarehe za kuzaliwa nazo zina vituko vyake: 04/07 ni mwezi wa nne au wa saba? Inategemea kompyuta ya aliyeingiza ilikuwa imepangwaje.

Tulikaa miezi miwili, vijana watatu, mimi na mzee wa masijala, tukilinganisha kioo cha kompyuta na faili la karatasi, chafya juu ya chafya. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba mfumo utamfukuza kazi yule mzee. Yeye ndiye aliyejua kwamba wanafunzi wawili wenye majina matatu yanayofanana, ambao sisi tulikuwa tumewaunganisha kwa furaha, walikuwa kweli watu wawili, "mmoja yule mrefu wa jiolojia." Tukawatenganisha. Laiti tungeifanya kazi ile kabla ya kununua chochote.

Siku ya mwisho ya usajili mfumo ulizama. Hilo sitalirefusha, wanaofanya kazi vyuoni wanalijua: ukiweka tarehe moja ya mwisho, watu wote huja usiku wa tarehe hiyo, na seva ni kama mlango, ina upana wake. Mwaka uliofuata tuliwapangia vitivo siku tofauti, na tukaifanya fomu ihifadhi kila ulichokwisha kujaza, ili mtandao ukikatika usianze upya. Tulinunua pia seva kubwa zaidi, lakini nadhani kalenda ndiyo iliyofanya kazi.

Jambo lililotugombanisha hasa lilianza na sentensi moja: "Ombi lako linashughulikiwa." Ndiyo sentensi ambayo mfumo ulimwonyesha kila mwanafunzi, kila siku, hata ombi lake likiwa limekaa wiki tatu bila kuguswa. Akiisoma mara ya nne anapiga simu. Akipiga simu mara ya pili bila kupokelewa anakuja dirishani, na anakuja amekasirika. Nilipendekeza iondolewe, na mahali pake mfumo useme ombi liko meza gani na limefika hapo lini. "Ombi lako liko uhasibu tangu Jumanne." Kijana wa Tehama akasema ni kazi ya mchana mmoja, taarifa zote zimo, tulikuwa tunazificha tu.

Simu zilipungua wiki ile ile. Lakini mfumo ukiweza kumwonyesha mwanafunzi, unaweza kumwonyesha bosi pia. Mkubwa mmoja alitoa orodha ya meza zenye maombi yaliyochelewa, akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Jina la kwanza lilikuwa la dada wa uhasibu. Bila shaka lingekuwa lake: kila aina ya ombi, hati, mabweni, mitihani, ilipita kwake, na alikuwa peke yake. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mtu anayepokea maombi mawili kwa wiki. Dada yule hakugomba. Alinyamaza wiki mbili, akafanya kazi kama mashine, na kila ombi lenye kasoro ndogo akalirudisha kwa mwanafunzi badala ya kupiga simu kuuliza, kwa sababu likirudishwa haliko tena mezani kwake. Takwimu zake zikawa nzuri sana. Wanafunzi wakateseka.

Wazo la kuonyesha meza lilikuwa langu, kwa hiyo nilikwenda kumuomba radhi. Akaniambia, "Hukuniuliza napokea mangapi. Uliuliza tu nachelewesha mangapi." Orodha ikatolewa ubaoni, na sasa ripoti inaonyesha vyote viwili kwa pamoja, yaliyoingia na yaliyolala. Aliongezewa msaidizi. Urafiki wetu ulichukua muda zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna mafunzo ya mfumo yanayoligusa: bosi akisafiri. Kwenye karatasi, anayekaimu anasaini "kwa niaba". Kwenye mfumo wetu hapakuwa na kukaimu, basi wakubwa wakawa wanawaachia makatibu muhtasi nywila zao. Nilijua, kila mtu alijua. Maombi yalikuwa yanaidhinishwa kwa jina la mtu aliye kwenye ndege. Kukemea hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuongeza kitufe kimoja cha kumkabidhi mtu mamlaka kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na jina la aliyeidhinisha kweli likaandikwa. Makatibu muhtasi ndio waliofurahi zaidi, maana wao ndio wangebebeshwa lawama.

Na lile la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alikuja dirishani akaniomba tuzungumze pembeni. Akafungua matokeo yake kwenye simu, akaniambia nitazame anwani pale juu: mwishoni palikuwa na namba yake ya usajili. Akabadilisha tarakimu moja ya mwisho, akabonyeza. Yakafunguka matokeo ya mtu mwingine. Jasho lilinitoka. Mfumo ulikuwa unauliza "umeingia?" bila kuuliza "hii ni yako?" Nilimpeleka kwa wakubwa, na mmoja wao neno la kwanza lilikuwa kamati ya nidhamu, kwamba kijana amedukua mfumo. Ilibidi nibishane, jambo ambalo si tabia yangu. Marekani ina sheria ya kulinda rekodi za wanafunzi, FERPA, tangu 1974, na ile ya Ulaya ya taarifa binafsi, GDPR, inatumika tangu Mei 2018. Zote zinamtazama anayetunza rekodi, naye ni sisi. Kijana alikuwa ametuletea habari ya mlango wetu wenyewe ulio wazi. Ukafungwa jioni ile. Hakupewa barua ya shukrani, na hilo linanikera mpaka leo.

Mwanafunzi asiyeona naye alitufundisha kwa namna yake. Simu yake humsomea kila kilichoandikwa, na alikuwa anatumia mfumo vizuri mpaka tulipoweka ile picha ya herufi zilizopindapinda ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Picha haisomeki kwa sauti. Akawa anakuja dirishani ameshikwa mkono na mwenzake ambaye, ili amsaidie, ilibidi aijue nywila yake. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya kurasa za mtandao, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kurasa zinazofikiwa na kila mtu mwaka 1999. Hatuna cha kujitetea.

Nilishinda ubishi mmoja mdogo zaidi, wa orodha ya sababu za kuomba hati ya matokeo. Kijana wa Tehama alitaka afute chaguo la "Nyingine", kwa kuwa linachafua hesabu: huwezi kuchora chati ya "Nyingine". Nikamsihi aliache, na kisanduku cha kuandika chini yake. Akaliacha shingo upande.

Siku hizi dirishani panakuwa na watu wawili watatu, na hakuna anayeniita Bwana Kesho; waliokuwa wakiniita hivyo walishahitimu. Mwezi uliopita alikuja mzazi. Mwanawe alifariki akiwa mwaka wa mwisho, naye alitaka hati ya matokeo ya mtoto. Mfumo unamtaka mwanafunzi mwenyewe aingie. Dada wa kaunta alinitazama, nami nikazunguka nikamkaribisha mzee ndani, nikamsogezea kiti. Alikuwa na cheti cha kifo kwenye bahasha ya plastiki, na hakukuwa na mtu wa kutuharakisha. Akanieleza habari za mtoto, somo alilolipenda, jinsi alivyokuwa akiandika usiku.

Nikafungua ukurasa wa maombi kwa niaba. Ajira, masomo ya juu, udhamini, kuhama chuo. Nikachagua "Nyingine", nikaandika sentensi moja. Printa ikatoa kurasa mbili.

Akaniuliza asaini wapi. Nikamwambia hakuna pa kusaini, mzee wangu, imekwisha. Hakuinuka. Alikuwa ameishika kalamu yangu, anaitazama meza. Nikavuta droo, nikatoa daftari la zamani la kupokelea hati, nikalifungua na kumgeuzia. Akaandika majina ya mwanawe yote matatu, na chini yake akatia saini yake, taratibu.